Steringi Hafi

Mei 13
Kidato cha pili leo walikuwa kumi na tisa kati ya hamsini na wawili. Pamba imepasuka mashambani, na mtoto wa huku akiitwa na pamba, Kiingereza changu kinasubiri. Nimewafundisha hao kumi na tisa kwa hasira ya wale thelathini na watatu.

Mchana Luhaga, kaka mkubwa wa mume wangu, amepiga simu kutoka Kasoli. Wazee wa ukoo wamekaa, wameona mwaka na miezi minne inatosha. Msimu wa pamba ukiisha watazika nguo za Masele.

"Shemeji, kaburi la nguo nalo ni kaburi," alisema. "Na sisi tunataka kupumzika."

Kinachosubiriwa ni neno la mama yao, Nyanjige. Mama mzazi asipozitoa nguo kwa mkono wake mwenyewe, hakuna mtu wa ukoo ule atakayeshika jembe kuchimba. Nilimwuliza Luhaga, na mimi mke naulizwa nini? Akasema naulizwa kama nitakuja likizo kusaidia kuchuma.

Mei 14
Nimesahihisha madaftari. Joto.

Mei 19
Niandike mara moja, nisirudie tena. Mume wangu ni Koplo Masele. Alikwenda Kongo na walinzi wa amani, na Januari ya mwaka jana kundi lao lilishambuliwa karibu na mto. Wengi walirudi. Yeye hakurudi, na mwili wake haukuonekana. Karatasi niliyoletewa inasema hajulikani alipo. Hatukujaliwa mtoto. Nimebaki na redio yake, viatu vyake vya kanisani, na mama yake.

Nina pia kitabu. Kilikuja shuleni kwenye boksi la vitabu vya msaada, jalada limeng'oka, hata jina lake silijui. Ni riwaya ya vita ya Wazungu ya zamani. Irena, mwoka mikate, anamngoja mumewe Tomas aliyekwenda kupigana. Kurasa mia nne za kungoja. Kila Jumamosi anakwenda stesheni ya treni, mpaka kichwa kinaota mvi, na Tomas harudi. Nimekisoma mara tatu. Nikifika mwisho namchukia mwandishi, halafu narudi ukurasa wa kwanza.

Mei 25
Dunia ndogo. Hamza, mwenye duka la simu na banda la video karibu na soko, amekuja na diski aliyoiandika kwa kalamu VITA MAPENZI. Kiingereza chake kizito, anasema, na wale madijei wa Dar wanaotia Kiswahili kwenye picha za nje hawajaigusa. Anataka mwalimu akae na maikrofoni aeleze. Tuliiwasha kwenye kompyuta yake dukani. Dakika ya kumi nikaiona tanuri ya mikate. Ilikuwa ni kitabu changu, wamekifanya picha.

Nimeitazama yote nikiwa na ubishi. Kitabuni Irena ana njaa tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ana mashavu. Mabomu yamefika mlangoni lakini nywele zake zimetoka saluni. Kila wakitaka kubusiana, mvua inanyesha. Tomas wa kitabuni ana kigugumizi na meno yamepandana, ndiyo maana nilimpenda. Huyu wa kwenye picha ni kijana wa tangazo la sabuni.

Mambo mawili lakini hawakuyaharibu. La kwanza, yule askari mwenye mkono wa bandeji anayekuja kumwambia Irena kwamba alikuwepo Tomas alipokufa, naye Irena anamfukuza. La pili, mwisho. Irena amezeeka. Treni inasimama, anashuka mwanamume mwenye koti la jeshi, amempa mgongo. Irena anamkimbilia, anamgusa bega. Mwanamume anageuka. Si yeye. Basi, picha imekwisha.

Nilimwambia Hamza nimekubali. Nilitaka watu wengine nao wakae na kitu hiki ambacho nimekaa nacho peke yangu.

Juni 1
Bariadi, saa tisa alasiri, banda limejaa. Nimeeleza kila neno kwa uaminifu, kama mtihani wa taifa. Yule mwanamume alipogeuka na taa zikawashwa, kwanza palikuwa kimya, nikadhani wamenielewa. Kisha mmoja wa nyuma akapiga kelele: "Steringi hafi!" Wakaitikia banda zima. Mwalimu katuharibia picha. Mwalimu hajui kutafsiri. Chupa ya maji ikarushwa, ikagonga ukuta karibu na mimi. Hamza akaweka haraka picha ya karate.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na hasira.

"Mwalimu, bandani kuna sheria moja tu. Steringi hafi. Shujaa wa picha apigwe risasi kumi, aangushwe na helikopta, mwisho ataamka. Hawa watu wameinama shambani tangu asubuhi. Kufa wanakujua, hawaji kwangu kujifunza."

Juni 4
Shule imefungwa, niko Kasoli. Nyanjige alikuwa shambani tayari, na mfuko wa pamba umejaa kiunoni.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Hakuniuliza habari za mwanawe wala mimi sikumpa. Tumeshazoea.

Novemba alipopanda aligawa mistari, kama walivyofanya nyumba hii tangu watoto wakiwa wadogo. Kila mtoto ana mistari yake. Mwenye nayo ndiye achume, auze, anunue anachopenda. Mistari minne ya mwisho, kando ya barabara, aliipanda kwa jina la Masele. Imepaliliwa, imepigwa dawa, imepasuka vizuri kuliko yote. Leo Luhaga aliingia humo na gunia. Mama hata hakunyanyua kichwa.

"Yaya," alikataa. "Hiyo ina mwenyewe."

Juni 6
Mgongo. Magamba ya vitumba yamenichana vidole, siwezi kushika kalamu sawasawa.

Juni 9
Baada ya ibada tumechambua pamba kwenye kichanja. Nyeupe huku, hiyo ni safi. Yenye doa, vumbi au rangi ya chai kule, hiyo ni fifi. Mama ana jicho kali kuliko mkaguzi. Mara mbili amechukua nilizoweka kwenye safi akazirudisha kwenye fifi.

Luhaga alikuja akachuchumaa. "Mama, zile nguo."

"Baada ya pamba."

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemtia maneno. Simpendi. Tangu Januari ile anatembea humu ndani kama mtu anayepima kitanda cha mgonjwa angali amekilalia. Nadhani anataka shamba. Huenda anataka na mimi.

Juni 12
Hamza amefika Kasoli, amekodi stoo tupu kando ya mnada, ameziba madirisha kwa nailoni nyeusi. Msimu ndio huu, anasema. Ananitaka Jumamosi, picha ile ile, lakini amepata dawa yake. Ataikata kabla mwanamume hajageuka. Watu wataona mgongo, koti, mkono wa Irena begani, halafu giza. "Na wewe utasema ni yeye."

Nimesema hapana.

Juni 13
Nimesema ndiyo.

Juni 15
Nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Stoo ilijaa wachumaji, wengi wanawake, vumbi la pamba bado liko kwenye vilemba vyao. Picha ilipoanza ndipo nilipomwona Nyanjige. Amekaa mbele kabisa juu ya kreti ya soda, amevaa kitenge chake cha kanisani. Sijawahi kumwona bandani maisha yangu yote. Jirani yake Felisita ndiye aliyemleta.

Uongo wa mwisho ulinilazimisha kudanganya katikati. Kama Tomas atarudi, yule askari wa bandeji hawezi kuwa mkweli. Alipotokea mlangoni kwa Irena, amevua kofia, machozi yanamtoka, nilisema kwenye maikrofoni: "Huyu anamtaka Irena mwenyewe. Ndiyo maana anasema mwenzake amekufa." Stoo ikalipuka. Mwongo huyo! Mfukuze, dada! Irena akamfukuza, wakampigia makofi. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Miaka minane nafundisha watoto kwamba maneno yana uzito wake, na kumbe sentensi moja inamgeuza mtu mwema kuwa fisi.

Kisha stesheni. Treni, koti, mgongo. Irena anakimbia na miguu yake ya kizee. Mkono begani. Hamza akakata.

"Ni yeye," nilisema gizani. "Tomas amerudi."

Vigelegele. Nikarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Halafu nikasema mara ya tatu, na hiyo hakuna aliyeniomba. Sauti ilinikatika. Watu walidhani ni ufundi wa kueleza picha. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo bila haya. Kwa muda wa pumzi moja mtu alikuwa amerudi.

Taa zilipowaka, kreti ilikuwa tupu.

Juni 16
Mama ameamka akiimba. Amekoroga uji, ameniwekea karanga.

"Yule mwanamke alingoja miaka mingapi?"

"Mayu, ile ni picha. Hadithi ya kutunga."

"Najua ni picha. Mimi si mtoto." Aliendelea kukoroga. "Lakini Hamza alisema imetoka kwenye kitabu, na kitabu umekisoma wewe. Mwandishi atatungaje kitu ambacho hajawahi kukiona kwa mtu? Kuna mtu alirudi mahali, ndipo akaandika."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango.

"Miaka thelathini, mayu," nilisema. Ndilo jambo pekee la kweli nililomwambia, na halikuwa na faida yoyote.

Juni 17
Mama amemwambia Luhaga mbele ya wazee wawili: "Nguo sitoi. Mwenye nguo yuko njiani."

Juni 22
Upepo. Vumbi linakaa juu ya mistari minne.

Juni 29
Narudi Bariadi, shule inafunguliwa Jumatatu. Mama amenisindikiza mpaka kwenye mistari ya Masele, akasimama. Ameanza tabia hiyo: kila Jumamosi anavaa kitenge cha kanisani, anakaa pale kwenye kona ya shamba, anaangalia magari yanayotoka Bariadi. Sikumfundisha Jumamosi. Aliiona kwenye picha.

Julai 7
Sabasaba. Nimekwenda Kasoli, nimerudi. Pamba ya barabarani imeanza kugeuka rangi ya chai.

Julai 20
Mwanafunzi ameniambia amenisikia Nkoma kwa mjomba wake. Kumbe siku ile Hamza alinirekodi. Sasa anazungusha picha kwenye vituo vyote vya pamba, nami simo. Sauti yangu inakwenda peke yake, Kasoli, Nkoma, na kwingine nisikokujua, inasema ni yeye, ni yeye, ni yeye. Nilimfuata dukani. "Mwalimu, watu wanalia kwa furaha," akasema. "Wewe uliona wapi dhambi yenye vigelegele?"

Julai 21
Sikwenda kanisani.

Agosti 3
Leo Jumamosi alikuja mtu. Nilikuwa nafua. Mwanamume mwembamba, anaburuza mguu kidogo, amesimama nje ya uzio mpaka nikamwuliza anamtaka nani. Akasema anamtaka mke wa Koplo Masele. Anaitwa Kristofa, wa Mwamanyili, walikuwa kundi moja.

Nilimpa kiti. Hakukaa vizuri.

"Alipigwa hapa," alisema, akagusa shingo yake mwenyewe. "Nilikaa naye mpaka akapoa. Nikamvuta chini ya mti, nikamfunika na koti langu la mvua, nikamwambia nitarudi. Na mimi nilikuwa nimeumia, shemeji. Kulipokucha mto ulikuwa umepanda. Mti wenyewe haukuwepo."

"Ulikuwa na hakika amekufa?"

"Nilimfumba macho mimi."

Nilimwuliza kwa nini amekaa mwaka mzima na nusu. Akasema amefika stendi ya Bariadi mara mbili, na mara zote mbili amepanda gari la kurudi Mwamanyili. Leo amekuja kwa sababu kule kwao, juzi, aliingia banda la video kupumzisha mguu. Akakuta picha ya vita. Akamsikia mwanamke akieleza kwamba askari anayeleta habari za kifo ni mwongo, anamtaka mke wa mwenzake. Watu walimcheka askari yule. Kristofa akatoka nje akatapika.

"Nikaona nisipokuja sasa sitakuja," alisema. Hakujua sauti ile ni ya nani.

Nilimwambia.

Aliangalia beseni la nguo. Kisha akasema, "Ulieleza vizuri." Afadhali angenipiga.

Agosti 4
Tumekwenda Kasoli pamoja. Niandike haraka kabla sijaanza kulainisha.

Mama alimpokea kama mgeni. Maji ya kunawa, kiti cha wageni, kuku akachinjwa. Kristofa akaeleza yote, kwa Kisukuma, taratibu, mpaka kwenye macho na mto. Luhaga alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo kwa mikono yote miwili. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Wabeja, baba, kwa safari," alimshukuru. "Kula."

Jikoni alinishika mkono.

"Ndiye yule."

"Yupi, mayu?"

"Yule aliyekuja kumdanganya mwanamke. Ulisema mwenyewe anamtaka mke wa mwenzake. Na ona, kafikia kwako kwanza, hakuja kwangu niliyemzaa."

Nilikaa juu ya kinu.

"Mayu, nilidanganya. Yule askari alikuwa anasema kweli. Kitabuni Tomas harudi. Mwanamume wa stesheni anageuka, si yeye. Hamza aliikata picha, mimi nikasema uongo."

Alifikiri. Si mjinga, mama huyu, niliwahi kumwona akimkamata mpima mizani aliyezoea kuwaibia wakulima wenye shule.

"Kwa hiyo siku ile ulidanganya, watu wote wakikusikiliza," alisema. "Na leo ndiyo unasema kweli, tuko wawili jikoni."

"Ndiyo, mayu."

"Na mimi nitajuaje, mwalimu?"

Hajawahi kuniita mwalimu. Tangu niolewe ni mayu, au mwanangu.



Agosti 6
Kasoli nzima wanasema mke wa Masele ameleta bwana wake nyumbani kwa mama mkwe, na kwamba wamepanga hadithi ya kifo. Felisita amesema "kama kwenye ile picha." Kristofa amezima simu.

Agosti 8
Nanenane. Shule imekwenda Nyakabindi kwenye maonyesho. Nimeomba ruhusa, nimelala.

Agosti 18
Nilikwenda Kasoli, mama hakutoka ndani. Nikamkuta Luhaga kwenye mistari ya mdogo wake, amepiga magoti. Nilidhani anachuma kwa siri, nikamwendea kwa shari. Alikuwa anatoa majani makavu yaliyonasa kwenye pamba, moja moja, bila kuichuma.

"Isichafuke zaidi," alisema, kwa aibu.

Nikapiga magoti upande wa pili. Tulifika katikati ya mstari ndipo aliposema.

"Mimi ndiye niliyempeleka kuandikishwa. Yeye alitaka kulima. Nikamwambia ng'ombe wa mahari yako watatoka wapi, kwenye pamba hii? Nenda jeshini. Nikamlipia nauli." Alifuta pua kwa kiganja. "Nataka kaburi, shemeji. Hata la nguo. Nipate mahali pa kwenda kumwambia."

Miezi mitatu nimemwandika humu kama fisi. Nilifanya kwake kitu kile kile nilichomfanyia askari wa bandeji. Nimefikiria kufuta kurasa za nyuma, nimeona niziache.

Agosti 24
Bwana shamba amepita na kipaza sauti: miti yote ya pamba ing'olewe na kuchomwa kabla ya katikati ya Septemba, wadudu wasipate pa kulala. Mistari minne imesimama peke yake shamba zima, rangi ya vumbi. Mama hajibu watu.

Nimekwenda kwa Hamza. Nilimwambia nataka picha nzima, bila kukatwa, kwa mtu mmoja. Alianza kunitania. Aliponitazama usoni akaacha. Mke wake Zamda alikuwa anasikiliza nyuma ya kaunta. "Mpe," alisema. "Na wewe uwepo, Hamza. Usimwache peke yake na kitu ulichokikata wewe."

Agosti 31
Saa nne asubuhi, stoo ya Kasoli, tupu. Hamza kwenye mashine, Luhaga mlangoni. Mama alikubali kuja kwa sababu ni Jumamosi, na nilimwambia ni picha ya Irena. Alikaa kwenye kreti ile ile. Sikushika maikrofoni. Nilikaa chini karibu naye nikamweleza sikioni.

Askari wa bandeji alipovua kofia, nilimwambia anachosema kweli. "Anasema: nilikuwa naye. Anasema: hakuita jina la mtu mwingine, aliita lako." Mama hakutikisika.

Stesheni. Koti. Mgongo. Mkono begani. Mwanamume akageuka: mtu mzima mwenye masharubu, sura ya karani, anashangaa tu kwa nini kizee kimemshika. Anasema samahani, mama, umenifananisha. Nikamwambia mama hivyo.

"Rudisha," alisema.

Hamza akarudisha. Mwanamume akageuka.

"Tena."

Akageuka tena. Mara ya tatu Hamza mwenyewe alikuwa amegeuza uso.

Nailoni za madirishani zilikuwa zinapigapiga kwa upepo.

"Halafu mwanamke akafanya nini?" mama aliuliza.

Hilo halimo kwenye picha, lakini kitabuni limo, mistari miwili ya mwisho. "Alirudi nyumbani, mayu. Akaukanda unga wa mikate ya kesho yake."

"Basi?"

"Basi."

Aliinuka akakung'uta kitenge. Mlangoni alimshika Luhaga mkono, akamwegemea. Mimi hakunigusa.

Septemba 7
Luhaga amepiga simu: mama amechuma mistari minne peke yake, tangu alfajiri mpaka saa nane, amemkataza kila mtu kusaidia. Halafu akaketi kwenye kichanja, akachambua. Pamba yote ni fifi, mtu yeyote angeitupa kwenye gunia moja. Yeye ameipitia punje kwa punje, akapata safi ya kujaza kofia.

Septemba 14
Wamezika nguo za Masele leo, nyuma ya nyumba. Kristofa alikuja, akasimama mbali, mpaka mama alipomtuma Luhaga kumwita. Akamwambia, "Baba, wabeja. Ulimfunika." Kristofa alilia kwa sauti, watu wakatazama pembeni.

Mama alizitoa nguo kwa mkono wake. Juu yake aliweka mto mdogo, aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha kitenge cha kanisani, ameujaza ile pamba safi ya kofia moja.

"Kule alilalia udongo," alisema. "Mwekeeni chini ya kichwa."

Hakuna kichwa. Kila mtu alijua hakuna kichwa. Walimwekea.

Jioni Luhaga aling'oa miti ya mistari minne, akaichoma pamoja na mingine. Mama aliangalia kidogo, kisha akaingia ndani, akaniambia pale nilipokuwa, kwa upole, "Mayu, sasa nenda kwenu. Ungali kijana." Amenisamehe. Nilikuwa sijaomba.

Watu wananipa mkono, wanasema nimefanya vyema kumtoa mama kwenye ndoto. Nimekaa kwenye chumba ambacho Masele alilala akiwa mtoto, na najua nilichokifanya. Msimu mzima nimemkasirikia mama kwa kungoja, na msimu mzima nimekaa nyuma ya mgongo wake. Nilipomwambia kweli jikoni, kuna kitu ndani yangu kilifurahi alipokataa. Niliweza kuwa mwerevu kwa sababu yeye alikuwepo, amevaa kitenge, kwenye kona ya shamba. Mpaka Jumamosi ile duniani alikuwepo mtu mmoja aliyemngoja Masele, na hakuwa mimi. Nikamtafutia picha nzima, nikamkalisha kwenye kreti, nikamwondoa.

Septemba 16
Jumatatu. Pamba imekwisha. Nimeita majina ya kidato cha pili kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Hamsini na wawili. Wote wamerudi.